Mambo ya Nyumbani: Mtoto Aliaye na Mzazi Ajibuye



"Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Methali hii twaijua sote, na ina akili yake. Mzazi asiyeweza kumkatalia mtoto neno lolote kwa kuogopa machozi yake, mwisho huvuna taabu. Walakini katika nyumba nyingi methali hii imevutwa kupita kipimo chake. Wako waitumiao hata kwa kitoto cha miezi mitano, wakisema, "Mwacheni alie, atanyamaza mwenyewe, mkimwinua mtamdekeza." Tena mara nyingi mtoto hunyamaza kweli, na wakubwa hudhani kwamba ameadibika. Mwezi huu twataka kuuliza: mtoto yule amejifunza nini? Na mzazi aliyezoea kutomjibu, je, aweza kufundishwa kumjibu, na akifundishwa, mtoto naye hubadilika? Maswali haya yamepimwa na wenye elimu kwa miaka sabini hivi, na kipimo chenyewe kilianza karibu nasi, katika vijiji vya Buganda.

Wataalamu huzungumza habari ya mwambatano, yaani jinsi moyo wa mtoto unavyoshikamana na mtu amtunzaye, hata akimwona yupo hutulia, na akiogopa humkimbilia. Aliyetangulia kuandika sana habari zake ni Dakta John Bowlby, Mwingereza. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya la Dunia taarifa juu ya watoto wasio na kwao, akasema kwamba mtoto mchanga ahitaji mtu wa kudumu, mama au aliye mahali pa mama, ampendaye na kufurahi pamoja naye. Na kwamba nafsi ya mtoto yahitaji upendo huo kama mwili unavyohitaji chakula.

Mwaka 1954 alifika Kampala bibi aliyekuwa amefanya kazi pamoja na Dakta Bowlby huko London, jina lake Mary Ainsworth. Mumewe alikuwa amepata kazi Makerere. Nia ya Bibi Ainsworth ilikuwa kuchungua habari ya watoto waachishwapo ziwa, maana alisikia kwamba desturi ya Waganda ni kumpeleka mtoto kwa nyanya yake ili alisahau titi. Akakuta desturi ile imekwisha kupungua sana. Basi akageuza kazi yake, akaanza kutazama jinsi mtoto anavyoambatana na mama yake tangu mwanzo. Aliwatembelea akina mama 26, mara moja kila majuma mawili, kwa muda wa miezi tisa hivi. Aliketi nao alasiri mahali wapokeapo wageni, pamoja na mkalimani, akiuliza na kutazama.

Aliona kwamba mtoto humfanya mama yake kuwa kama bandari. Hutambaa akaenda mbali kidogo, akagusa kitu, akageuka kumtazama mama. Akimwona yupo, huendelea na safari yake. Akitishika, hurudi upesi. Mama akitoka na kurudi, mtoto hunyosha mikono, na wako hata waliopiga makofi kwa furaha. Lakini watoto hawakuwa sawa wote. Wako waliolia mara kwa mara hata mama yupo, na wakichukuliwa hawakutulia. Wako na wachache walioonekana kama kwamba hawajaambatana na mama bado. Bibi Ainsworth akatafuta sababu ya tofauti hii. Akaona kwamba mama za watoto watulivu walikuwa wajuzi wa watoto wao: ukiwauliza, walisimulia hata mambo madogo madogo, jinsi mtoto alalavyo, achekavyo, na kile kimchukizacho. Kitabu chake cha habari za Uganda kilitoka mwaka 1967.

Alipohamia Marekani, katika mji wa Baltimore, alitazama nyumba nyingine 26, tangu mtoto alipokuwa na majuma machache hata akatimiza mwaka. Huko ndiko alikopata kueleza vizuri mambo manne ambayo mlezi mwema huyafanya. Kwanza, huona ishara ya mtoto. Pili, hufahamu maana yake, wala haichanganyi na mapenzi yake mwenyewe. Tatu, hujibu upesi, ili mtoto aweze kuunganisha ishara yake na jibu. Nne, hujibu ifaavyo: mwenye njaa hupewa chakula, aliyechoka kuchezewa huachwa apumzike. Twawaomba wasomaji wayashike haya manne, kwa kuwa mafundisho yote tutakayoyataja hapa chini yamejengwa juu yake.

Bibi Ainsworth alitengeneza na njia ya kupima. Mtoto wa mwaka mmoja huletwa pamoja na mama yake katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Mtu mgeni huingia, mama hutoka kwa muda mfupi, kisha hurudi. Watazamaji huangalia zaidi jinsi mtoto afanyavyo mama arudipo. Mtoto mwenye mwambatano wa salama humwendea, hutulizwa, kisha hurudi kucheza. Mwingine hulia asitulizike. Mwingine humpa mama kisogo, akaendelea kushika kitu chake kana kwamba hakuna lililotokea.

Huyo wa mwisho ndiye tunayemsifu kwa kusema, "Mtoto huyu hana matata." Lakini mwaka 1993 wataalamu wa Ujerumani walipima mapigo ya moyo ya watoto katika chumba cha namna hiyo. Wakaona kwamba mtoto anayejifanya hajali, moyo wake huenda mbio wakati mama hayupo, kama moyo wa yule aliaye. Basi utulivu wake ni wa uso tu. Amejifunza kuficha haja yake kwa sababu ameona haina faida kuionyesha. Mzazi afikiri jambo hili vizuri, maana mtoto aliyejifunza kuficha hofu akiwa na mwaka mmoja, ni vigumu kutumaini kwamba atakuja kuifunua akiwa na miaka kumi na minne, siku atakapopatwa na jambo zito.

Je, kumjibu mtoto aliaye hakumzidishii kulia? Mwaka 1972 Bibi Ainsworth na mwenzake Silvia Bell waliandika kwamba katika zile nyumba za Baltimore, watoto waliojibiwa upesi katika miezi ya kwanza walilia kidogo zaidi mwaka ulipokaribia kwisha, nao walikuwa wamepata njia nyingine za kuonyesha haja zao. Ni haki kusema pia kwamba si wote walioona hivyo. Mwaka 1991 wataalamu wa Uholanzi walitazama watoto 50, wakaona kwamba mama asipokimbilia kila kinung'uniko kidogo, mtoto huenda akapunguza kulia, maana hupata nafasi ya kujituliza mwenyewe. Twaweza kuyashika yote mawili. Kilio cha hofu, cha njaa, au cha maumivu chataka jibu. Kinung'uniko cha usingizi chaweza kungojewa kidogo. Kuvipambanua ni kazi ya jicho la mzazi, na jicho hilo laweza kufundishwa.

Hapo twafikia swali la pili, la mafundisho. Huko Uholanzi, Bibi Dymphna van den Boom alichagua watoto 100 waliokuwa wepesi wa kulia tangu siku za kwanza, tena wa nyumba zenye uchumi mdogo. Mama wa mtoto wa namna hiyo huchoka upesi, na akichoka huacha hata kucheza naye anapokuwa mtulivu. Akipata dakika ya kimya, huikimbia. Nusu ya mama hao walitembelewa mara tatu tu, mtoto alipokuwa na miezi sita hata tisa, wakafundishwa kuona ishara, kuifahamu, na kuijibu, wakati wa kilio na wakati wa utulivu vile vile. Habari zilichapishwa mwaka 1994. Watoto wa mama waliofundishwa, zaidi ya nusu walikuwa na mwambatano wa salama walipotimiza mwaka; wa mama wasiofundishwa, hawakufika theluthi moja. Mara tatu tu za kutembelewa!

Mwaka 2003 wataalamu wa Leiden, papo hapo Uholanzi, yaani Bibi Marian Bakermans-Kranenburg, Bwana Marinus van IJzendoorn, na Bibi Femmie Juffer, walikusanya habari za uchunguzi 70 wa mafundisho kama haya. Mtu angedhani kwamba mafundisho marefu ndiyo yenye nguvu. Waliona kinyume chake: yale mafupi, yaliyoshika jambo moja la wazi, yaani namna ya kumtazama na kumjibu mtoto, yalifaa kuliko marefu yaliyotaka kugeuza mawazo yote ya mzazi. Waliona tena kwamba yale yaliyoanza baada ya mtoto kutimiza miezi sita yalifaulu zaidi. Na yale machache yaliyowaita akina baba pamoja na mama yalikuwa na nguvu zaidi. Akina baba msomao habari hizi, msiupite mstari huo upesi.

Kazi hii hufanywaje? Hao wa Leiden wana njia yao. Msaidizi huja nyumbani mara sita hivi. Hupiga picha za video kwa dakika chache, mama akimlisha mtoto, akimwogesha, au akicheza naye. Akija mara ya pili, huketi pamoja na mama wakaitazama picha. Msaidizi husimamisha picha mahali mama alipofanya vema, akamwonyesha mnyororo wa pete tatu: mtoto ametoa ishara, mama amejibu, mtoto ametabasamu. Hunena badala ya mtoto, kana kwamba mtoto asema, "Mama, tazama nilichokipata." Makosa hayatangulizwi. Mama huona kwa macho yake mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyeleta tabasamu lile, na kwa hiyo hutaka kulileta tena. Mwaka 2023 zilikusanywa habari za majaribio 25 ya njia hii, ya wazazi zaidi ya 2,000, ikaonekana kwamba yafaa kwa wazazi na kwa watoto. Mafanikio yenyewe ni ya kadiri, si ya kustaajabisha. Lakini yameonekana mahali pengi.

Huko Marekani, Bibi Mary Dozier wa Chuo Kikuu cha Delaware hutumia njia iliyo jamaa ya hiyo. Wasaidizi huja nyumbani mara kumi, nao husema papo hapo, jambo likitendeka: "Amekupa kikombe, nawe umekipokea, sasa amejua kwamba wamwona." Mwaka 2012 zilichapishwa habari za watoto 120 wa nyumba ambazo serikali ilikuwa ikiziangalia kwa hofu ya kwamba watoto hawatunzwi vema. Watoto ambao mwambatano wao ulikuwa umevurugika, wasijue kama wamkimbilie mzazi au wamkimbie, walikuwa 57 katika kila 100 kwa wale waliopewa mafundisho mengine. Kwa wale wa njia hii walikuwa 32.

Msomaji atasema, "Hayo ni ya Ulaya na Marekani, kwenye mashine za picha na watu wa chuo." Basi na asikie ya Khayelitsha, mtaa mkubwa wa watu maskini karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Huko wanawake wenye mimba 449 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilitembelewa nyumbani mara 16, tangu mwisho wa mimba hata mtoto alipofikia miezi sita. Waliowatembelea walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wenye watoto wao, wasio wataalamu, ila wamefundishwa kazi hii. Walimwonyesha mama mambo awezayo mtoto mchanga, jinsi afuatavyo uso kwa macho na kugeukia sauti. Mwaka 2009 habari zilitangazwa. Mama waliotembelewa walikuwa wepesi zaidi wa kuona haja ya mtoto, tena hawakumlazimisha na kumvutavuta kama wenzao. Watoto wao walipokuwa na miezi 18, 74 katika kila 100 walikuwa na mwambatano wa salama. Wale wengine 63.

Tazameni hesabu hiyo kwa pande zote mbili. Katika taabu ile, hata pasipo msaada huo, zaidi ya nusu ya mama walikuwa wamewalea watoto wao katika tumaini. Nani awadharau? Na tofauti ya watoto 11 katika 100 si muujiza; haijazi chungu, wala haiondoi umaskini. Lakini kwa watoto hao 11 na mama zao, ni jambo kubwa.

Kuna onyo moja tusilolisahau. Kujibu mtoto hakuna sura moja ulimwenguni pote. Huko Kenya, Bwana Robert LeVine na wenzake waliwatazama mama wa Kigusii. Walikuwa wepesi kabisa kumchukua mtoto aliaye na kumnyonyesha, kuliko mama wa Boston; lakini hawakuzungumza naye uso kwa uso kama hao. Tena mwaka 1986 yaliandikwa mambo ya watoto 26 wa Kigusii, waliozoea kusalimiwa na wakubwa kwa kupeana mkono, si kwa kukumbatiwa. Mtoto mwenye mwambatano wa salama alinyosha mkono wake kwa mama arudipo. Asiye nao alikataa mkono. Ikaonekana pia kwamba mtoto aweza kuambatana vema na mlezi wake mwingine, kama dada yake mkubwa. Kwa hiyo mwalimu asije akawafundisha watu kukumbatia na kubusu kama Wazungu, akidhani ndiyo mapenzi. Na aitazame ishara ya mtoto wa pale, na jibu la pale.

Sasa twarudi nyumbani kwetu. Mama yuko mekoni, moshi machoni, na mtoto analia mkekani. Hawezi kuacha ugali uungue. Lakini sauti yake yaweza kutangulia mikono yake: "Nakuja, baba, nimekusikia." Mtoto wa miezi minane hafahamu maneno yote, lakini huijua sauti, naye hujifunza kwamba kilio chake kimefika mahali. Baba arudipo kazini, kabla ya kuuliza chakula, na amtazame mtoto aliyemtambalia. Akiletewa kijiti, akipokee, akitaje jina lake, akirudishe. Kazi hiyo haichukui dakika moja. Dada mkubwa au yaya aliyeachiwa mtoto naye afundishwe haya, maana yeye ndiye mlezi kwa saa nyingi za mchana.

Wala tusiseme kwamba mtoto asikatazwe. Mafundisho ya Leiden yenyewe yana sehemu ya adabu: mzazi hukataza kwa uthabiti, hueleza sababu kwa maneno machache, humwonyesha mtoto kitu kingine cha kufanya, na humsifu atiipo. Uingereza walilijaribu jambo hili kwa watoto 300 wa mwaka mmoja na miwili waliokwisha kuonyesha ukaidi. Habari zilitoka mwaka 2021, na ukaidi ulikuwa umepungua kwa wale ambao wazazi wao walifundishwa. Mzazi ajibuye ndiye asikilizwaye akataapo. Methali yetu basi na ibaki mahali pake: tusiogope kilio cha mtoto aliyekatazwa kushika kisu. Kilio cha mtoto mchanga aliyeogopa ni habari nyingine.

Na ninyi waalimu, neno la mwisho ni lenu. Mmezoea kuwakusanya akina mama chini ya mwembe na kuwahutubia saa nzima juu ya malezi. Hotuba si mbaya, lakini mambo tuliyoyaeleza yaonyesha njia nyingine. Mwende nyumbani, mkae kwenye jamvi, mtazame zaidi kuliko kusema. Mkimwona mama amegeuka mtoto alipomwita, mwambieni papo hapo, "Tazama, mama, umemjibu, naye ametulia." Msimkosoe mbele ya mavyaa yake. Mwende mara chache, lakini mrudi mlikoahidi kurudi. Mama aliyechoka, ambaye watu wote humwonyesha makosa yake, akipata mtu mmoja wa kumwonyesha wema wake, hupata nguvu ya kuutenda tena kesho.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari ya mtoto mkubwa anayepata ndugu mchanga, na wivu wake. Kwaherini.